Sahihi ya Mnyonge

Swali ambalo nataka tulitazame pamoja, msomaji, ni hili: mtu aliyetia sahihi mkataba kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa, je, amefungwa na sahihi yake? Ukiliuliza swali hili juu ya mtu na mtu, jibu lake ni jepesi. Mnyang'anyi akikukuta njiani, akakuwekea panga shingoni na kukuamuru uandike kwamba ng'ombe wako ni wake, hapana kadhi wala hakimu atakayesema kuwa karatasi ile ina nguvu. Lakini uliza swali hilo hilo juu ya taifa na taifa, utaona jinsi wenye elimu wanavyogawanyika, na jinsi maneno laini yanavyoanza kukaa mahali pa maneno ya kweli. Huko panga huitwa ulinzi, na kunyang'anya huitwa maslahi.

Wapo wasemao kuwa hapana mapatano ya haki yawezayo kufanyika baina ya nchi kubwa na nchi ndogo. Hao wamevuka mpaka. Tajiri na maskini huafikiana kila siku sokoni; mwenye njaa huuza mbuzi wake kwa bei asiyoipenda, na bado twasema ameuza. Kama kila mapatano ya wasiokuwa sawa yangekuwa batili, basi duniani pasingekuwa na mapatano hata moja, maana hapana nchi mbili zilizo sawa kwa nguvu, kwa mali, wala kwa wingi wa watu. Kosa, likiwapo, halimo katika kutolingana kwenyewe. Hapana budi tulitafute mahali pengine.

Wapo pia wasemao kwa mkato: mwenye nguvu mpishe. Methali hii ni ya kweli, na mimi siibishi. Lakini angalia inasema na nani. Inasema na mnyonge. Inampa nasaha jinsi ya kuokoa roho yake njiani. Haisemi na mwenye nguvu, wala haimwambii kwamba ana haki ya kupishwa. Nasaha ya kuokoka na hukumu ya haki ni mambo mawili mbalimbali, na wengi wanaoandika juu ya nchi kubwa na jirani zao huyachanganya, wakadhani kwamba wakiisha kueleza kwa nini mnyonge alipisha, wameeleza pia kwa nini ilikuwa halali kupishwa.

Ili tusielee hewani, nitakupa mfano mmoja nao tuutazame kwa makini. Twaa ramani ya dunia, uitazame Amerika. Utaona kuwa Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini zimeungana kwa shingo nyembamba ya nchi, na mahali pembamba kabisa pa shingo hiyo ni Panama. Zamani merikebu iliyotoka New York kwenda San Francisco ilipaswa kuizunguka Amerika ya Kusini yote. Mfaransa Ferdinand de Lesseps, yule aliyesimamia kuchimbwa kwa Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, mfereji ambao uliifupisha sana safari ya bahari kutoka Ulaya mpaka Mombasa, alijaribu kuikata shingo ya Panama katika miaka ya 1880. Homa ya manjano na malaria ziliwaua watu wake kwa maelfu, fedha zikapotea, na kampuni yake ikaanguka mwaka 1889.

Wakati huo Panama haikuwa taifa. Ilikuwa jimbo la Kolombia. Marekani, ilipotaka kuishika kazi iliyowashinda Wafaransa, ilipatana kwanza na serikali ya Kolombia. Mnamo Januari 1903 uliandikwa mkataba wa kuikodi ardhi ya mfereji kwa miaka 100, kwa malipo ya dola milioni 10 mara moja na dola 250,000 kila mwaka. Mkataba huo ulipofikishwa mbele ya Seneti ya Kolombia mwezi wa Agosti, ulikataliwa. Wengine walisema fedha ni chache. Wengine walisema heshima ya nchi imeguswa. Nia zao huenda zilikuwa safi, na huenda hazikuwa safi. Hilo halitupasi sasa. Litupasalo ni kwamba jirani mdogo aliulizwa, naye akajibu: hapana.

Sikiliza basi yaliyompata. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alighadhibika. Huyu ndiye aliyezoea kusema kwamba yafaa mtu aseme kwa upole huku amechukua fimbo kubwa, na mwenyewe alisema methali hiyo imetoka Afrika ya Magharibi. (Kama kweli imetoka huko, hapana mtu aliyepata kuithibitisha, lakini twaweza kukisia kwamba mwenye kuitunga hakuwa ndiye aliyepigwa.) Tarehe 3 Novemba 1903 viongozi wa Panama walitangaza kujitenga na Kolombia. Siku moja kabla yake manowari ya Marekani iitwayo Nashville ilikuwa imekwisha kutia nanga katika bandari ya Colón. Askari wa Kolombia walipofika kuuzima uasi, wakuu wa reli waliwapandisha majemadari katika gari la moshi na kuwaacha askari nyuma. Na majemadari walipofika upande wa pili wa nchi, walikamatwa. Tarehe 6 Novemba Marekani ililitambua taifa jipya.

Haki yataka tuseme kwamba Wapanama hawakuwa vikaragosi tu. Walikuwa na manung'uniko yao ya siku nyingi juu ya serikali ya Bogotá, na walikwisha kujitenga mara moja mwaka 1840, wakarudi mwaka uliofuata. Walitaka kuwa huru. Lakini uhuru wao ulizaliwa chini ya mizinga ya rafiki, na rafiki yule hakukawia kuleta hesabu yake.

Siku kumi na tano baada ya kutangazwa kwa uhuru, tarehe 18 Novemba, mkataba mpya wa mfereji ulitiwa sahihi mjini Washington. Aliyetia sahihi kwa niaba ya Marekani alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, John Hay. Aliyetia sahihi kwa niaba ya Panama hakuwa Mpanama. Alikuwa Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika mfereji wa Wafaransa, na ambaye haja yake kubwa ilikuwa kuiona Marekani inainunua mali ya kampuni ya Kifaransa iliyorithi kazi ile. Wajumbe wa Panama wenyewe walikuwa njiani. Walipofika Washington saa chache baadaye, wino ulikuwa umekwisha kukauka.

Na wino ule uliandika nini? Malipo yalikuwa yale yale yaliyokataliwa na Kolombia. Lakini ukanda wa ardhi ulizidi kuwa mpana, ukafika maili 10, na badala ya miaka 100 liliwekwa neno moja: milele. Ndani ya ukanda huo Marekani ilipewa haki zote ambazo ingekuwa nazo kama kwamba ndiyo mwenye nchi. John Hay mwenyewe alimwandikia seneta mmoja akikiri kwamba mkataba ule ulikuwa na faida kubwa mno kwa Marekani, na kwa Panama faida si kubwa hivyo.

Utauliza: kwa nini serikali ya Panama haikuukataa mkataba ulioandikwa na mgeni? Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu, nami nakuomba usipite mbio. Bunau-Varilla aliipelekea serikali hiyo habari kwa simu ya maandishi kwamba ikichelewa kukubali, Marekani huenda ikaondoa ulinzi wake. Na ulinzi ukiondolewa, Kolombia ingerudi, na wakuu wote wa taifa lile changa wangehesabiwa kuwa wahaini. Basi tarehe 2 Desemba wakakubali. Hapana askari wa Marekani aliyewashika mkono. Hapana aliyewatisha kwa kinywa chake. Yule aliyekuwa akiwalinda ndiye aliyekuwa akipatana nao, na kumkataa yeye kulikuwa sawa na kujikabidhi kwa adui.

Sasa rudi kwa mwenye njaa aliyeuza mbuzi. Yeye alikuwa mnyonge, lakini angeweza kumrudisha mbuzi wake nyumbani, akalala na njaa, na kesho yake akatafuta mnunuzi mwingine. Mnunuzi wa kwanza hakuwa na ufunguo wa nyumba yake. Panama haikuwa na mnunuzi mwingine wala haikuwa na nyumba ya kurudi. Kwa hiyo mimi nasema kwamba alama ya mapatano ya haki haipatikani kwa kuwapima wenye kupatana, huyu ratili ngapi na yule ratili ngapi. Yapatikana kwa kuuliza: yule mdogo akisema hapana, nini kitampata, na kitampata kutoka kwa nani? Ikiwa atapata hasara ya kukosa faida tu, mapatano ni mapatano. Ikiwa atapata madhara, na madhara hayo yamo katika mkono wa yule yule anayeomba sahihi, basi neno lake la ndiyo halina kitu ndani, kwa kuwa neno la hapana lilikwisha kuondolewa kinywani mwake. Kolombia ilisema hapana, ikapoteza jimbo. Panama iliyaona yaliyoipata Kolombia, ikasema ndiyo.

Wako watakaonijibu, na jibu lao si la kipumbavu. Watasema: tazama kazi iliyofanyika. Daktari William Gorgas aliwapiga vita mbu, akaifukuza homa ya manjano mahali ambapo Wafaransa walikuwa wakifa kama nzi. Mfereji wenye urefu wa kilomita 80 hivi, ambamo merikebu hupandishwa kwa maji kama kwa ngazi mpaka kwenye ziwa lililo mita 26 juu ya bahari, ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, na tangu hapo dunia nzima imepita humo. Je, wema wa kitu kilichojengwa hauoshi ubaya wa namna kilivyopatikana?

Nami nauliza: faida ile ilihitaji nini? Ilihitaji ardhi ya kuchimba, maji, na amani ya kufanya kazi. Haikuhitaji neno milele. Mkataba ambao Marekani wenyewe waliuandika na Kolombia mwezi wa Januari ulitaka miaka 100, na hapana mhandisi aliyesema kuwa kwa miaka 100 mfereji hauchimbiki. Kilichozidi hakikuongezwa kwa haja ya kazi. Kiliongezwa kwa sababu mtu wa kukizuia hakuwapo. Zaidi ya hayo, waliokufa katika ujenzi wa Wamarekani walikuwa zaidi ya 5,600, na wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka Barbados, Jamaika na visiwa vya jirani, watu ambao hawakuulizwa lolote na upande wowote. Wao walilipwa kwa fedha na Wamarekani weupe wakalipwa kwa dhahabu, na majina hayo mawili, dhahabu na fedha, yaliandikwa hata juu ya milango ya maduka na ya posta, ili kila mtu ajue pa kupita. Na usidhani kuwa mnyonge, kwa kuwa ni mnyonge, ndiye mwema sikuzote. Mwaka 1941 katiba mpya ya Panama iliwanyima uraia watoto wa watu weusi hawa wasiokuwa na lugha ya Kihispania, ingawa walizaliwa pale pale kando ya mfereji ambao baba zao waliuchimba. Aliyekuwa akilia kwa kuonewa na mkubwa alimgeukia aliye mdogo zaidi yake.

Hata hivyo, jambo lililopatikana kwa njia ile halikuwapa raha wenyewe waliolipata. Mwaka 1921 Marekani ilikubali kuilipa Kolombia dola milioni 25 kwa ajili ya kuipoteza Panama. Roosevelt, aliyeyapinga malipo hayo kwa nguvu, alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt, mtu wa ukoo ule ule, alitangaza siasa ya ujirani mwema, na mwaka huo huo katika mkutano wa Montevideo Marekani iliafikiana na jirani zake kwamba hapana taifa lenye haki ya kujiingiza katika mambo ya taifa jingine. Mwaka 1936 haki ya kuingilia mambo ya ndani ya Panama ikaondolewa katika mkataba, na ada ya mwaka ikaongezwa. Mwaka 1955 ikaongezwa tena. Waona jinsi mwenye nguvu alivyorudi mara kwa mara kukitia kiraka kitambaa kile, lakini neno milele halikuguswa.

Sasa nitakueleza habari ya vijana wa shule, ambayo yawahusu wewe na wenzako kuliko zote. Ilikuwa imekubaliwa kwamba katika Ukanda wa Mfereji bendera ya Panama itapepea pamoja na ile ya Marekani. Mnamo Januari 1964 wanafunzi wa Kimarekani wa shule ya sekondari ya Balboa, iliyokuwa ndani ya Ukanda, walipandisha bendera yao peke yake. Tarehe 9 wanafunzi wa Kipanama kiasi cha 200, kutoka shule iitwayo Instituto Nacional, walikwenda huko kwa miguu, wamechukua bendera ya nchi yao, ili ipandishwe kando ya ile nyingine. Palitokea msukumano, na bendera ya Panama ikapasuka. Habari zilipofika mjini watu walitoka kwa maelfu. Ghasia zilipokoma siku chache baadaye, Wapanama kiasi cha 20 walikuwa wamekufa, na askari 4 wa Marekani. Panama ilivunja uhusiano wa kibalozi na Marekani, nao haukurudishwa mpaka Aprili.

Tafakari, msomaji: watoto wale hawakuwapo mwaka 1903. Hawakutia sahihi, wala baba zao hawakutia. Kwa nini wafungwe na wino wa Mfaransa mmoja? Mtu hurithi madeni ya baba yake, ni kweli, na taifa pia. Vinginevyo hapana ambaye angeikopesha serikali hata senti moja. Lakini mwenye kurithi deni hurithi pia haki ya kuuliza lilivyopatikana. Nadhani ndivyo vijana wale walivyokuwa wakiuliza, ijapokuwa mikononi hawakuwa na hoja, walikuwa na kitambaa tu.

Mwaka 1973 swali lao lilifika mbali. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana katika mji wa Panama, na Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza hilo mwaka huo. Azimio lililotaka pawe na mkataba mpya na wa haki lilipata kura 13, na ya Kenya ilikuwa mojawapo. Uingereza haikupiga upande wowote. Marekani peke yake ilipinga, na kwa kuwa ina kura ya turufu, azimio likaanguka. Lakini kuanguka kule kulikuwa na faida: mwenye nguvu alionekana mbele ya dunia akiwa amesimama peke yake, na hakuna apendaye kusimama hivyo kwa muda mrefu.

Tarehe 7 Septemba 1977 Rais Jimmy Carter na Jenerali Omar Torrijos walitia sahihi mikataba miwili iliyolifuta neno milele. Safari hii Wapanama waliulizwa, wakapiga kura mwezi wa Oktoba, na kiasi cha theluthi mbili wakakubali. Seneti ya Marekani iliupitisha kila mkataba kwa kura 68 dhidi ya 32, kura moja tu zaidi ya ile iliyohitajiwa. Carter alikuwa akiwaambia watu wake kwamba mfereji hulindwa vizuri zaidi na jirani mwenye radhi kuliko na jeshi katika nchi yenye uchungu. Hoja hii nzuri imeegemea faida, haikuegemea haki. Sijui kama ingefaa kuilaumu kwa hilo. Yawezekana kwamba mwenye nguvu huifikia haki kwa njia ya faida, kama vile mtoto anavyojifunza kutogusa moto kabla hajajua moto ni nini.

Wala usidhani kwamba yote yalinyooka. Mkataba wa pili uliipa Marekani haki ya kuulinda mfereji usifungwe au kutengwa kwa faida ya wengine, na Torrijos mwenyewe alionya siku ya kutia sahihi kwamba mkataba huo, ukitumiwa vibaya, waweza kuwa mlango wa kujiingiza siku zote. Tarehe 20 Desemba 1989 majeshi ya Marekani yaliivamia Panama kumkamata mtawala wake, Jenerali Manuel Noriega. Noriega alikuwa dhalimu kwa watu wake, hilo halina shaka; lakini Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliulaani uvamizi huo kwa kura 75 dhidi ya 20. Na tazama jambo la ajabu: Marekani ile ile iliyokuwa na askari wake katika barabara za Panama haikuutumia ushindi wake kuuvunja mkataba. Tarehe 31 Desemba 1999, saa sita mchana, mfereji ulikabidhiwa kwa wenyewe kama ilivyoandikwa. Wapanama waliuendesha vema, wakaupanua kwa kura yao wenyewe ya mwaka 2006, na mwezi wa Juni 2016 njia mpya ya merikebu kubwa ikafunguliwa.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump, katika hotuba ya kuapishwa kwake, alisema kwamba Marekani itautwaa tena mfereji. Ikiwa utataka kupima yaliyobadilika na yasiyobadilika baina ya mwenye nguvu na jirani yake, usiitazame sana hotuba, maana ilifanana na za zamani. Tazama jibu. Mwaka 1903 jibu la Panama liliandikwa Washington na mtu wa nchi nyingine, kabla wenyewe hawajafika. Safari hii Rais José Raúl Mulino alijibu siku ile ile kwamba mfereji ni wa Panama na utaendelea kuwa wa Panama, na serikali yake ikapeleka barua kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huo Panama ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama.